Bamba Lililokuwa Likishuka

Ukifika Kiabakari ukaulizia karakana ya Yuliana Nyangi, watu wengi watakutazama tu. Uliza Mama Wegesa wa vali, utapelekwa mpaka mlangoni. Ni banda la bati lililosimama kwenye nguzo za mkaratusi, nyuma ya kituo cha mafuta, na ndani yake kuna mashine moja ya kukereza vyuma ambayo wachimbaji wa dhahabu wa zamani waliileta, wakaondoka wakaiacha. Hapo ndipo madereva wa matipa na wenye ekskaveta hupeleka vali zao za haidroliki zilizochoka, naye Yuliana huzichonga upya.

Vali ya haidroliki, kwa asiyeijua, ni lango la oili. Pampu inasukuma oili, oili inanyanyua chuma kizito, halafu vali inafunga ili chuma kibaki juu. Vali ikiwa nzima, chuma hakitikisiki. Ikichakaa, oili inaanza kurudi ilikotoka, kidogo kidogo, na chuma kinashuka bila kelele. Yuliana ana miaka arobaini na mmoja. Miaka kumi na minne kati ya hiyo ameishi akiogopa kitu kinachoshuka bila kelele.

Alijifunza kazi kwa fundi mmoja aitwaye Fredi Magesa. Mwezi wa nne wa kujifunza kwake, asubuhi moja, Fredi alinyanyua bodi la tipa ili apake grisi chini yake. Yuliana alikuwa akimpa spana. Saa mbili aliona kwamba kati ya bodi na chasisi panapita mpini wa nyundo bila kugusa. Saa nne akaona mpini haupiti. Alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa mwanamke peke yake pale, na juzi yake tu mafundi walikuwa wamemcheka kwa maswali yake. Alijiambia kwamba Fredi anajua anachofanya. Saa tano bodi lilianguka. Fredi alikatwa mkono wa kushoto hospitalini Musoma, akaacha ufundi, akarudi kwao Butiama kulima mihogo na kufuga. Hakuna aliyemuuliza Yuliana lolote, naye hakusema lolote.

Tangu hapo akawa mtu wa kupima. Chochote kilichonyanyuliwa alikichora alama ya chaki, na vali haikutoka karakanani mwake bila kushikishwa mzigo saa nzima. Mafundi wenzake walimtania kwamba Mama Wegesa hata chai huipima kabla ya kuinywa. Hakukasirika. Lakini kazi zilizohitaji mtu kuaminiwa zilianza kuja kwake, na mwezi wa tano mwaka jana ikaja ile ya Bunda.

Aliyeileta alikuwa Bwana Ngusa, meneja wa kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Alikuja mwenyewe, vali akiwa ameifunga kwenye gunia. Ilikuwa imepasuka ubavuni.

"Mpya imeagizwa nje," alisema. "Wanasema miezi mitano, labda na zaidi. Msimu unafunguliwa baada ya wiki mbili. Hiyo pamba ya wakulima nitaiweka wapi?"

Yuliana aliigeuza vali mikononi. "Hii inashika nini?"

"Bamba la juu la mashine ya kufunga marobota. Tani moja na nusu."

"Na watu wanapita chini yake?"

"Hawapiti," Ngusa alisema haraka. "Robota likishatoka, wanawake wawili wanainama kutandika kitambaa kipya. Wakimaliza, bamba linashuka kubana pamba nyingine. Dakika moja tu."

"Wanainama mpaka wapi?"

Ngusa akagusa kifua chake. "Mpaka hapa."

Yuliana alitaka kukataa. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lakini alijua kwamba akikataa, atapatikana mtu wa kuchomelea ule ufa, na bamba litanyanyuliwa hivyo hivyo juu ya vifua vya wanawake hao. Akakubali kuchonga nyingine ya kushikiza msimu, na usingizi wake ukaanza kuharibika siku hiyo hiyo.

Alichora vali hiyo kwa siku nne kabla ya kugusa chuma. Ndani ya vali kuna fimbo inayoitwa spuli, inayoteleza kwenye tundu lake kufungua na kufunga njia za oili. Spuli hata iwe mpya inavujisha, maana isipoachiwa nafasi haitelezi. Kwa hiyo hakutaka spuli ndiyo ishike bamba. Aliiachia kazi ya kuelekeza oili tu. Kazi ya kushika mzigo aliipa koni ya chuma inayokaa kwenye kiti chake kama kizibo kwenye mdomo wa chupa: mzigo unavyozidi kusukuma, ndivyo koni inavyozidi kubana. Koni aliichonga kutoka kwenye pini ya ekskaveta, chuma kigumu kuliko vyote alivyokuwa navyo, akakichoma kwenye makaa na kukizamisha kwenye oili ili kizidi ugumu. Kisha akaisaga koni kwenye kiti chake kwa dawa ya kusagia vali, siku tatu, akiifuta na kuitazama, mpaka mstari mwembamba wa kijivu ukaizunguka koni yote bila kukatika mahali.

Alimpa Ngusa masharti mawili. La kwanza, kila Jumatatu bamba linyanyuliwe tupu, liachwe dakika kumi, yeye mwenyewe apime limeshuka kiasi gani. La pili, likifikisha milimita kumi, mashine isimame, bila mjadala. Ngusa alikubali yote.

Siku ya kufunga vali hiyo Bunda, Yuliana alisikia mtu anamwita kwa nyuma.

"Wifi! Kumbe ndo wewe unatushikia hili lichuma?"

Alikuwa Jenipher, mke wa kaka yake, amevaa kitambaa kichwani na glavu za mpira. Alikuwa amepata kibarua cha msimu, yeye na mwenzake mmoja, kutandika vitambaa. Wafanyakazi walicheka, na Yuliana akacheka nao, lakini mikono yake ilikaza boliti zile upya mara mbili.

Wiki tano za kwanza zilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Jumatatu ya kwanza bamba lilishuka nusu milimita. Ya pili, milimita moja. Ya tatu, moja na nusu. Ya nne, mbili. Ya tano, mbili na nusu. Yuliana aliziweka nukta hizo kwenye karatasi ya grafu, akaweka rula juu yake, na rula ikazigusa zote tano. Mstari ulinyooka kabisa. Aliurefusha kwa penseli hadi wiki ya kumi na sita, mwisho wa msimu: milimita nane. Chini ya kikomo.

Ngusa alimwomba aandike hayo. Akaandika kwenye karatasi safi kwamba, kwa vipimo vilivyochukuliwa, vali itamaliza msimu kabla ya kufika kikomo chake, akatia saini. Ngusa akaibandika ukutani ofisini, juu ya meza yake. Watu walianza kumwita Injinia.

Jumatatu ya sita ilikuwa milimita tatu na nusu.

Alipima tena. Tatu na nusu. Alimgeukia mzee Ngolo, mwendeshaji wa mashine, ambaye alikuwa amesimama penye vishikio vya kuendeshea mashine akichokonoa kucha.

"Mzee Ngolo, kuna kilichobadilika wiki hii?"

"Hamna kitu, Mama Wegesa. Mashine inafanya kazi kama ilivyokuwaga."

"Oili?"

"Oili ni ile ile." Alijibu akitazama pembeni.

Yuliana akajiambia labda jicho lake lilikosea rula. Wiki nzima alirudia kujiambia hivyo. Akiwa anakereza, akiwa anapika, akiwa kanisani, aliliona bamba lile, na chini yake kitambaa cha kichwani cha wifi yake. Alimpigia Jenipher simu mara mbili bila sababu, akaishia kuuliza habari za watoto. Siku nyingine mwanawe Wegesa alimkuta ameshika mwiko juu ya chungu, ugali unaungua.

Jumatatu ya saba: milimita tano.

"Tano," Ngusa alisema ofisini. "Na kikomo ni kumi. Tuko nusu ya njia. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba ilitakiwa kuwa tatu na nusu leo. Mstari unasema tatu na nusu."

"Mstari ni wako, Mama Wegesa. Na kikomo ni chako. Mimi sijabadilisha kitu." Alionyesha dirishani, ambako malori ya pamba yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani, madereva wamelala chini ya matela. "Wakulima wa Nyamuswa wako hapo tangu Ijumaa. Niwaambie nini? Kwamba fundi ana wasiwasi?"

Wasiwasi Yuliana alikuwa nao hata siku zilizokuwa nzuri, na watu wote walijua hivyo. Alichoomba ni kurudi Jumatano badala ya kungoja Jumatatu. Ngusa akainua mabega.

Jumatano saa tatu asubuhi bamba lilishuka milimita saba.

Aliikunja rula, akatoka bila kuaga, akapanda basi. Hakushuka Kiabakari. Aliendelea mpaka Butiama, na kutoka stendi akatembea kwa miguu hadi kwa Fredi Magesa.

Fredi alikuwa uani, akimenya mihogo kwa mkono mmoja. Alikuwa ameuegemeza muhogo kwenye goti, kisu kikiteremka upande wake taratibu. Walikuwa wakionana misibani na kwenye harusi, wakisalimiana vizuri. Habari za karakana hawakuwahi kuzigusa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mbona umekuja kama mtu aliyefiwa?"

Yuliana aliketi kwenye kigoda. Alianza kwa kueleza kuhusu bamba, koni na zile milimita, akaona anazunguka. Kisha akauliza alichokuja kuuliza.

"Siku ile ya tipa. Bodi lilishukaje? Taratibu, au ghafla?"

Kisu kilisimama. Kuku walikuwa wakigombea maganda karibu na miguu yao.

"Kwa nini unaniuliza leo?"

"Kwa sababu nina watu chini ya chuma, na mimi nimewaandikia karatasi kwamba hakitaanguka."

Fredi aliutazama muhogo. "Taratibu," alisema. "Nadhani asubuhi nzima. Nilikuwa chini, nikawa naona mwanga unapungua, nikadhani wingu. Ilikuwa taratibu, taratibu, taratibu. Halafu ghafla. Hapo katikati hapakuwa na kitu."

"Baadaye mliifungua ile vali?"

"Waliifungua. Ndani ukingo ulikuwa umeliwa mpaka ukawa kama wembe. Ukingo mwembamba hauendelei kuliwa, Yuliana. Unamegeka."

Yuliana alikuwa amechora mstari ulionyooka, kana kwamba chuma kinakwisha kama kalamu ya risasi, kila siku kiasi kile kile. Lakini oili haifanyi hivyo. Ikishapata mkwaruzo mdogo inapita hapo kwa nguvu, inaupanua. Ukipanuka inapita nyingi zaidi, inaupanua zaidi, kama maji yaliyopata tundu kwenye tuta la shamba. Nukta tano za kwanza zilikuwa za kweli. Ni yeye aliyezitafsiri vibaya. Na kile kikomo cha milimita kumi, alichokiona cha tahadhari, huenda bamba lingeanguka kabla ya kukifikia.

Aliinuka aondoke, kisha akasimama.

"Fundi, siku ile niliona. Saa mbili mpini wa nyundo ulikuwa unapita. Saa nne haukupita. Nikakaa kimya."

Mkewe alichungulia mlangoni, akaona nyuso zao, akarudi ndani.

"Nilijuaga," Fredi alisema mwishoni. "Niliona ulivyokuwa unaangalia. Miaka yote hii nimekuwa nangoja uje." Akachukua muhogo mwingine. "Sasa nenda. Basi za jioni huwa zinajaa."

Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Yuliana aliondoka na hilo.

Alhamisi alifika kiwandani kabla ya zamu ya asubuhi, na magogo mawili mazito ya mkaratusi aliyoyachukua kwenye karakana yake na kuyapakia kwenye pikapu ya jirani. Jenipher na mwenzake walikuwa wakivaa glavu.

"Wifi, usiingie pale," Yuliana alimwambia.

"Kuna nini?"

"Usiingie tu. Kaa hapa mpaka nitoke kwa meneja."

Ngusa alikuwa anakunywa chai. Yuliana hakuketi. Alinyoosha mkono ukutani, akaibandua karatasi yake.

"Hii si kweli," alisema. "Niliyoandika hapa si kweli. Naomba usimamishe mashine."

"Umepata kumi?"

"Nimepata saba jana."

"Saba." Ngusa aliweka kikombe chini. "Mama Wegesa, mimi nilikuamini. Watu waliniambia huyo mwanamke ana woga, nikasema hapana, huyo anapima. Ukaniambia kumi. Ukaniandikia. Leo ni saba, unaniambia nisimamishe kiwanda, nirudishe malori kumi na nane. Kipimo kiko wapi hapo?"

"Kikomo kilikuwa changu na nilikosea. Niliweka rula nikadhani vali itachakaa kwa kunyooka. Haichakai hivyo. Inakwenda taratibu, halafu inamegeka."

"Lini?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Nikikuambia siku nitakuwa nakudanganya mara ya pili."

Ngusa alisimama, akazunguka meza. Alikuwa mtu wa haki kwa kawaida yake, lakini macho yake hayakuacha kurudi dirishani. "Sikia. Tufanye kazi leo na kesho, malori haya yaishe. Jumamosi utafungua."

Kilichomjia Yuliana kichwani hakikuwa hoja. Alisema tu, "Basi njoo wewe uiname mara ya kwanza. Nitanyanyua bamba, utandike kitambaa. Ukitoka, sitasema tena."

Ngusa alimtazama. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Nionyeshe."

Waliyasimamisha yale magogo mahali ambapo wanawake huinamia, yakabakiza upenyo wa shubiri moja chini ya mahali bamba linapofika likiwa juu. Mzee Ngolo alinyanyua bamba hadi juu, akaachia kishikio. Yuliana alichora alama kwenye nguzo na kutazama saa. Watu wapatao kumi walikusanyika, baadhi yao madereva.

Dakika ya kwanza, milimita moja. Dakika ya tatu, mbili na nusu. Dereva mmoja akapiga miayo, akasema kumbe ndo hiki tu. Dakika ya tano, nne. Yuliana alianza kuogopa kitu kingine: kwamba dakika kumi zitaisha, bamba litakuwa limeshuka milimita nane au tisa, Ngusa ataitazama saa yake, na Jenipher atavaa glavu. Alijikuta anaomba lianguke, na akajichukia kwa kuomba hivyo.

Dakika ya saba hapakuwa na onyo lolote. Palisikika mlio mdogo ndani ya vali, kama mtu kuvunja jino la kitana, na bamba likashuka lote. Gogo moja lilipasuka kutoka juu hadi chini. Vumbi la pamba lilipanda mpaka kwenye bati. Sakafu ilitikisika, na mtu nje akapiga kelele akidhani boila imelipuka.

Jenipher alikaa chini pale pale alipokuwa, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Mwenzake alianza kulia. Bwana Ngusa alikuwa ameweka mkono kifuani, mahali pale pale alipogusa mwezi wa tano, naye huenda hakujua kwamba ameuweka hapo.

Yuliana alitoka nje, akanawa uso, akarudi kuifungua vali.

Kiti cha koni kilikuwa na mfereji, umekatwa kama kwa waya, na ukingo wa koni upande huo ulikuwa umemegeka kipande cha ukubwa wa punje ya mtama. Alipoifuta oili kwa kitambaa cheupe, kitambaa kilibaki na chenga zinazong'aa. Mchanga. Alikwenda kwenye tangi, akafungua nyumba ya filta. Ilikuwa tupu.

Alimtazama Ngolo. Mzee yule alivua kofia.

"Niliitoa mimi," Ngolo alisema, na hakumwambia Yuliana peke yake, aliwaambia wote. "Wiki ya nne. Ilikuwa inaziba kila siku mbili, mashine inakuwa nzito, natukanwa. Nikaomba filta nyingine, nikaambiwa zimeisha, vumilia. Nikavumilia hivyo."

Aliyemwambia avumilie alikuwa Ngusa. Kila mtu pale alijua, na Ngusa mwenyewe alijua. Aligeuka akaondoka kwenda ofisini. Yuliana alimfuata.

"Usimfukuze," alisema.

"Nani amesema nitamfukuza?"

"Karatasi niliandika mimi. Nilipima chuma kila Jumatatu, filta sikufungua hata siku moja. Aliniambia oili ni ile ile, na mimi nilimwona anatazama pembeni."

Ngusa hakumfukuza Ngolo, lakini alimhamishia uwanjani kupokea malori, na mzee yule hakuishika tena mashine aliyoiendesha miaka kumi na tisa.

Mashine ilisimama siku tisa. Malori mengine yalipelekwa viwanda vingine, mengine yalingoja, na wakulima walimlaani fundi mwanamke wa Kiabakari kwa sauti, akiwa anapita katikati yao na vyuma vyake. Katika siku hizo alitengeneza vali nyingine. Safari hii kiti cha koni kilikuwa pete inayotolewa na kubadilishwa, na koni zilikuwa mbili, moja nyuma ya nyingine, ili ya kwanza ikimegeka ya pili ishike. Nyumba ya filta aliiwekea kufuli. Zaidi ya yote, alitoboa nguzo za mashine na kuweka pini mbili za chuma, nene kama kifundo cha mkono, zinazochomekwa chini ya bamba kila mara kabla mtu hajainama. Pini hazina oili ndani yake. Alipomaliza, Ngusa alizipiga pini kwa nyundo mwenyewe, mara nyingi, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo haamini kuna mtu ndani.

"Na utabiri?" aliuliza. "Itadumu mpaka lini hii?"

"Kila asubuhi nitakuambia ya asubuhi hiyo."

Jenipher hakurudi kazini siku ya kwanza, wala ya pili. Jumapili Yuliana alikwenda kumwona nyumbani kwao, nje kidogo ya Bunda. Alimkuta anapepeta maharage. Kaka yake hakuwepo. Walizungumza habari za mvua, za mtoto aliyekuwa na mafua. Kisha Jenipher akaweka ungo chini.

"Wifi, nikuulize. Kama pale nisingekuwa mimi, angekuwa mwanamke mwingine tu usiyemjua, ungesimamisha Alhamisi? Au ungengoja Jumatatu?"

Yuliana alitaka kusema angesimamisha. Alitafuta neno hilo ndani yake na hakuwa na uhakika kama liko.

"Sijui," alisema.

Jenipher alitikisa kichwa taratibu. "Mwenzangu ana watoto wanne," alisema. "Anaitwa Stellah. Hujawahi hata kuniuliza jina lake."

Hakusema kwa hasira. Aliuchukua ungo akaendelea kupepeta, na baada ya muda akamwambia Yuliana achote maharage aondoke nayo nyumbani. Wiki iliyofuata alirudi kiwandani. Kabla ya kuinama alivuta kila pini kwa mikono miwili, na Stellah naye akafanya vivyo hivyo upande wa pili; wakazoea hivyo.

Yuliana alikwenda Bunda kila siku ya kazi hadi msimu ulipoisha mwezi wa kumi, basi la kwanza kwenda, la mchana kurudi. Alipima kabla ya zamu, akaandika, akafungua filta, akaifunga. Kazi za karakana zilirundikana na wateja wawili wa tipa wakahamia kwa fundi mwingine. Siku ya mwisho ya msimu bamba lilishuka milimita moja na robo.

Vali ya kutoka nje ilifika wiki mbili baadaye, kwenye sanduku la mbao, ikafungwa. Ngusa alimrudishia ile ya kwake bila barua ya shukrani, ila alimwita yeye, si mtu mwingine, kuja kuifunga hiyo mpya, na akamwambia zile pini zibaki. Yuliana aliipeleka vali yake Kiabakari, akaifungua juu ya meza mchana kweupe. Koni ya kwanza ilikuwa imechakaa kidogo, sawasawa pande zote, kama alivyotegemea. Ile ya pili, ambayo haikuwa na kazi msimu wote ila kungoja, ilikuwa na doa la kutu upande mmoja, dogo, mahali ambapo hapakupaswa kufika maji. Hajapata jibu la maji hayo yalikotoka. Ameshawauliza madereva, ameandika kwenye daftari, na juzi alipanda basi kwenda Butiama kumwonyesha Fredi koni hiyo.